MAMBO YA SHAMBA: Maua Dume na Maua Jike ya Matango

Mkulima wa Nyatike au wa Karachuonyo apandaye matango hufurahi sana aonapo, baada ya wiki tano au sita hivi, shamba lake limejaa maua ya manjano. Wiki moja baadaye furaha hugeuka majonzi: maua yamepukutika yote, wala hakuna tango hata moja. Hapo ndipo huanza lawama. Mbegu zilikuwa mbovu; mwenye duka ni mwizi; jirani ana kijicho. Wako hata wanaong'oa mimea yote wakapanda sukuma wiki mahali pake. Masikini, wamejidhulumu wenyewe, maana maua yale yaliyoanguka hayakuumbwa kuzaa.

Sote twaujua mpapai. Kwa kawaida mpapai dume una shina lake na mpapai jike shina lake, na mwenye shamba huikata midume akabakiza mmoja au miwili. Lakini tango, kama ndugu yake boga ambalo Wajaluo huliita budho, huwa na dume na jike katika mmea mmoja. Maua dume hutangulia, nayo hutoka kwa mafungu karibu na shina. Maua jike hufuata siku kadhaa baadaye, mara nyingi moja moja. Kuyatambua si kazi: tazama nyuma ya ua. Ua dume lina kikonyo chembamba tu. Ua jike limebeba kitango kidogo chenye vinyweleo, kamili kwa umbo lake, kabla hata halijafunguka.

La ajabu ni kwamba kila tumba huanza likiwa na mbegu za uume na uke pamoja. Kisha upande mmoja husimama kukua, mwingine ukaendelea. Mwamuzi mkubwa ni hewa iitwayo ethilini, itengenezwayo na mmea wenyewe. Ndiyo hewa ile ile iivishayo ndizi zilizofungiwa guniani. Penye ethilini nyingi tumba huwa jike. Ikipungua huwa dume.

Hali ya shamba nayo husukuma huku au huku. Usiku wa baridi kidogo na mchana mfupi huongeza majike. Joto kali na mchana mrefu huongeza madume. Kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki ila kwa dakika chache mwaka mzima, kwa hiyo la kuangalia ni joto, hasa kwa walio chini kando ya ziwa, kama Karungu na Muhuru. Tena mbolea ya kukuzia ikizidi, mmea hunenepa majani na kuchelewa kuleta majike. Mimea inayopendeza macho kuliko yote njiani mara nyingi si ile inayojaza kikapu.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniudhi. Ua jike hufunguka asubuhi, na kwa kawaida siku yake ni hiyo moja tu. Unga wa ua dume, yaani chavua, ni mzito tena unanata; upepo hauwezi kuuchukua. Ni lazima nyuki auchukue, naye aje si mara moja bali mara nyingi, ndipo tango lijae sawasawa. Tango lililonyauka ncha moja au kupinda kama mundu, ambalo wachuuzi wa Oyugis na Migori hulikataa, mara nyingi ni tango lililokosa chavua ya kutosha. Na bado katika mashamba yanayomwagiliwa, ya Kimira-Oluch na ya Kuja ya chini, utamwona mtu amebeba bomba la dawa mgongoni saa mbili asubuhi, akinyunyizia maua yaliyojaa nyuki! Kama hapana budi kupiga dawa, na ipigwe jioni, nyuki wakisha rudi mizingani.

Penye nyuki wachache, mkono wa mtu waweza kufanya kazi hiyo. Kabla ya saa nne asubuhi chuma ua dume lililofunguka siku hiyo, ondoa majani yake ya manjano, kisha gusisha unga wake taratibu katikati ya ua jike. Dume moja latosha majike mawili au matatu.

Neno moja juu ya mbegu za kisasa. Ziko aina zinazotoa karibu maua jike matupu, na katika pakiti zake huchanganywa mbegu chache za aina yenye madume, pengine zimepakwa rangi nyingine. Usizitupe wala usiing'oe miche yake ukidhani ni magugu, kwani ndiyo itakayotoa chavua ya shamba zima. Aina nyingine, zilizokusudiwa nyumba za plastiki, huzaa bila chavua kabisa; hizo zikipandwa nje karibu na matango ya kawaida, nyuki huweza kuziharibu umbo. Mbegu za namna hiyo hueleza habari zake juu ya pakiti, nayo isomwe dukani kabla fedha hazijatoka mfukoni.