Folda Peke Yake Haitoshi

Mnaosema folda zinatosha, kanzidata ni mbwembwe tu, hebu nijibuni. Nina rekodi ya wimbo: umeimbwa Masasi, kwa Kimakua, na bibi mzaliwa wa Newala. Niuweke folda ipi? Ya mahali, ya lugha, au ya mwimbaji? Nikichagua moja, anayetafuta kwa njia nyingine ataambiwa haupo.

Karl Weule alizunguka huku huku mwaka 1906 na fonografu yake. Hakuacha sauti tupu. Aliandika na kitabu.

Mtasema kanzidata huharibika. Kweli, ukihamisha faili kiholela, inapotea njia. Basi faili libaki lilipo, orodha inakiliwe kando. Gharama yake ni jioni chache za kuandika.

Wimbo uliotunzwa usipatikane una tofauti gani na uliosahauliwa?