Mkataba Utangulie, Mtu Afuate



Siku hizi makampuni ya upande wetu, toka Ruiru kupita Mugutha mpaka Thika, hayatosheki tena na soko la Kenya peke yake. Bidco ya Thika ilikwisha kujenga kiwanda Jinja, Uganda, na wengine wanatazama Arusha, Kigali na Juba. Mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki yalianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na yanamruhusu raia wa nchi moja kuingia nchi nyingine ya Jumuiya na kufanya kazi huko kwa kufuata sheria za nchi ile. Hatuna ugomvi na jambo hili. Kampuni ikikua, kazi huongezeka.

Lakini tazameni jinsi kampuni inavyovuka mpaka, na jinsi mfanya kazi anavyovuka. Kampuni hukaa kwanza na mawakili wake. Huuliza itaandikishwa kwa jina gani, kodi italipwa kwa nani, na ugomvi ukitokea utaamuliwa na mahakama ya nchi ipi. Kila neno huandikwa na kutiwa sahihi. Fundi naye huambiwa siku ya Ijumaa: "Jumatatu utakwenda Juba kufunga mashine, mambo mengine tutazungumza ukirudi." Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya fundi ni nguvu zake na ujuzi wake, nayo yataka daftari kama mali ya tajiri.

Twasema wazi kwamba kumpeleka mtu namna hiyo si ubaya tu, ni kuvunja sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 83 mpaka cha 86, inahusu mkataba unaofanywa Kenya kwa kazi itakayofanyika nje ya Kenya. Mkataba huo lazima uandikwe, utiwe sahihi na pande zote mbili, na ushuhudiwe na Ofisa wa Kazi. Ofisa huyo hana ruhusa ya kuushuhudia mpaka aridhike kwamba mfanya kazi amekubali kwa hiari, hakudanganywa wala hakulazimishwa, ameyaelewa masharti, na afya yake inaiweza kazi hiyo. Tajiri asiyekaa wala kufanya biashara Kenya hutakiwa kuweka dhamana. Na mtu anayemshawishi mwenziwe aende nje bila mkataba wa namna hiyo ana kosa.

Kifungu cha 10 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba mtu akitakiwa kufanya kazi nje kwa zaidi ya mwezi mmoja, aandikiwe atakaa muda gani, atalipwa kwa fedha ya nchi gani, ataongezewa nini, na atarudishwaje Kenya.

Tusidhani haya ni maneno ya makarani tu. Kumbukeni wazee wetu wa reli, bandari, posta na ndege waliotumikia Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977. Mapatano ya kugawana mali na madeni yake yalitiwa sahihi mwaka 1984. Huko Tanzania wastaafu wake walilazimika kwenda mahakamani, na mwaka 2005 ndipo walipopatana na serikali yao juu ya malipo. Hiyo ni miaka 28, na wengi walikwisha kufa. Wale walikuwa na vitabu, namba za kazi na serikali tatu nyuma yao. Je, fundi aliyepewa ahadi ya mdomo kwenye geti la kiwanda atadai kwa nani?

Wengine watasema yako mahakama. Kweli yako, nayo yamefanya kazi njema. Mwezi wa Mei 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa mfanya kazi wa kukagua maandishi na picha za Facebook hapa Nairobi, aliishtaki kampuni ya Meta ya Marekani. Meta ilijibu kwamba haikai Kenya wala haifanyi biashara Kenya, kwa hiyo mahakama ya hapa haina uwezo juu yake. Mahakama ya Ajira ilikataa hoja hiyo Februari 2023, na Mahakama ya Rufani ikaikataa tena tarehe 20 Septemba 2024. Huo ni ushindi wa wafanya kazi wote. Lakini hesabuni wenyewe: zaidi ya miaka miwili ilipita katika kubishania mlango tu, kabla ya shauri lenyewe kusikizwa. Mwenye watoto na kodi ya nyumba hawezi kungoja hivyo. Karatasi iliyotiwa sahihi kabla ya safari ni rahisi kuliko wakili baada ya safari.

Tunajua neno wanalonong'onezwa vijana: "Ukidai mkataba, atapelekwa mwingine." Ndiyo maana jambo hili si la mtu mmoja. Akikataa mmoja, ni mkaidi. Wakikataa wote, ni desturi ya kiwanda. Twataka wajumbe wetu, katika mapatano yajayo na matajiri, watie sharti kwamba hapana mwanachama atakayevuka mpaka kabla Ofisa wa Kazi hajashuhudia mkataba wake, na nakala moja ibaki mkononi mwake.

Na kila anayeitwa aulize haya: Tajiri wangu ni kampuni ya hapa au ya kule? Akiba yangu ya uzeeni italipwa wapi? Nikiumia, fidia ni kwa sheria ya nchi gani? Nikifa, nani atanirudisha kwetu?

Kwa matajiri twasema hivi: mawakili wenu mnaowalipa kwa kufungua tawi waandike pia karatasi ya fundi. Kampuni inayotaka kukua isione haya kuandika inachoahidi.

Umoja ni nguvu.