Wasitembezwe Maktabani, Wafunzwe Kutafuta

Mwaka huu nashika kalamu kuzungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la mbali: jinsi wanafunzi wa vyuo vikuu wanavyofundishwa kutumia maktaba. Najua kuna atakayesema, "Huyu naye! Sisi bado tunahangaika na insha, yeye yuko chuo kikuu tayari." Haya, nivumilie kidogo. Wengi wetu tunaota kufika huko, na wengine, Mungu akipenda, tutafika kabla wino wa jarida hili haujafifia.

Rai yangu ni hii. Kumtembeza mwanafunzi maktabani si kumfundisha utafiti. Kila somo lina njia yake ya kutafuta habari na ya kuzipima, na njia hiyo yafaa ifundishwe ndani ya somo lenyewe, mkutubi na mhadhiri wakishirikiana, wakati mwanafunzi ana kazi mkononi.

Dada yangu anasomea sheria katika chuo kikuu kimoja humu nchini. Jina la chuo nalisitiri. Wiki yao ya kwanza walikusanywa, umati wa wanafunzi wa vitivo vyote, wakatembezwa maktabani kwa muda usiozidi nusu saa. Hapa ni pa kuazimia vitabu, pale ni pa kuwekea mikoba, huku msile wala msipige kelele, choo kiko ghorofa ya chini. Basi! Aliyewaongoza alisema kwa sauti ndogo kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, na waliokuwa nyuma hawakusikia kitu. Wa udaktari, wa kilimo, wa muziki, wote walionyeshwa mlango ule ule.

Mwaka wa pili akapewa kazi ya kuandika kuhusu hukumu ya kifo. Akatafuta kwenye simu, akaipata kesi ya Muruatetu ya Desemba 2017, ambamo Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Akajaza kurasa kumi akieleza kwamba uamuzi huo uligusa pia wizi wa mabavu, na kweli alikuwa na kesi za mahakama nyingine zilizosema hivyo. Kumbe Julai 2021 Mahakama ya Juu ilirudi ikafafanua kuwa uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake! Kazi ikarudishwa na mistari myekundu na alama ya kutia haya. Dada alilia. Karo ya muhula ule ilikuwa imetoka kwa ng'ombe wa mwisho wa nyumbani, na hakujua angemwambia nini mama.

Sasa niambieni, msichana huyu alikuwa mvivu? La hasha! Alisoma usiku kucha. Tatizo ni kwamba katika sheria kuipata kesi ni nusu ya safari tu. Nusu ya pili ni kuifuata kesi hiyo mbele: nani aliitumia baadaye, nani aliipunguza makali, nani aliitengua. Hukumu hizo ziko katika tovuti ya Kenya Law, tena bure. Milango iko wazi, ila hakuna aliyeketi na darasa lao saa moja akawaonyesha jinsi wakili anavyoifuata kesi mpaka leo ilipo.

Hebu tutoke kwenye sheria twende kwenye historia, ambako mambo yanageuka juu chini. Mwanahistoria haogopi karatasi ya zamani. Barua ya 1920 iliyotobolewa na wadudu ndiyo dhahabu yake. Twende Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo la Moi Avenue, Nairobi, ambalo watu huagana kukutania mbele yake pasipo kuingia ndani hata siku moja. Mle ndani faili za serikali ya kikoloni hazikupangwa kwa mada kama vitabu vya maktaba. Zimepangwa kwa ofisi iliyoziandika. Faili za mkuu wa wilaya ya Machakos zina alama ya DC/MKS, za mkuu wa mkoa wa Pwani PC/COAST. Kwa hiyo anayetafuta habari za njaa ya zamani huko Ukambani asiulize, "Rafu ya njaa iko wapi?" Ajiulize kwanza: wakati ule ni afisa gani angeandika juu ya njaa, na angemwandikia nani? Huo ni ujuzi mzima, na hauwezi kuelezwa kwa nusu saa karibu na mlango wa choo.

Mwanafunzi wa udaktari naye ana PubMed, orodha kubwa ya makala ya tiba inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ugonjwa mmoja huitwa hivi mtaani, vile hospitalini, na kifupi chake ni kingine kabisa. Ndiyo sababu makala mengi humo yamepewa majina rasmi kutoka katika msamiati uitwao MeSH, ili yote yanayohusu ugonjwa huo yakutane chini ya jina moja. Asiyejua hilo huandika neno lake la mtaani, akapata robo ya makala, akadhani ndiyo yote. Kwa mwanahistoria hasara yake ni kurasa chache. Kwa daktari hasara yake yaweza kuwa mimi na wewe tuliolala kitandani.

Na sisi wana-Kiswahili je? Tusidhani tumepona. Katika mpangilio wa Dewey, ambao ulianza 1876, lugha ya Kiswahili iko 496.392 na fasihi yake iko 896.392. Yaani sarufi na riwaya, ndugu wa tumbo moja, zimewekwa mbali kabisa katika rafu. Katika katalogi, utenzi mmoja waweza kuandikwa "utendi" mahali pengine. Mwana Kupona akaunganishwa kuwa Mwanakupona. Shaaban Robert akawekwa kwenye S hapa na kwenye R pale. Jarida maarufu la wataalamu wa Dar es Salaam liliitwa Swahili kabla ya kuitwa Kiswahili, hivyo anayetafuta jina moja tu huukosa urithi wa miaka mingi. Tena tenzi nyingi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu wa kemia, pamoja na heshima zangu zote kwake, hawezi kunifundisha hayo, wala mkutubi hawezi akiwa peke yake. Lazima akae na mtu wa fasihi.

Tunaimba kila mara kwamba elimu ni bahari. Sawa, lakini mwulize mvuvi wa Lamu au wa Vanga. Bahari ni moja, zana ni nyingi. Jarife ni la papa, dema ni la samaki wa miambani, mshipi una samaki wake. Ukimpa kijana dema ukamtuma akamlete papa, utamwita mvivu bure.

Msidhani haya ni mawazo yangu ya usingizini. Kule Indiana, Marekani, kuna chuo kidogo kiitwacho Earlham. Evan Farber alikuwa mkuu wa maktaba yake tangu 1962 hadi 1994, na sifa yake kubwa ilikuwa jambo hili hili: mkutubi aliingia darasani wakati mwanafunzi amekwisha kupewa kazi ya utafiti, akawafundisha vyanzo vya somo lile, si vya dunia nzima. Wa biolojia walifunzwa vya biolojia. Mwaka uliofuata wakaongezewa, wala hawakurudishwa pa kuanzia. Kumbukeni hapakuwa na intaneti wakati mpango huo unaanza. Ni kadi, fahirisi na miguu.

Wapo watakaonijia juu. Watasema chuo kikuu si chekechea, kila mtu ajitafutie. Hoja hiyo ina utamu kwa yule aliyekulia katika nyumba yenye rafu za vitabu na baba profesa wa kumwuliza mezani. Kwa sisi tuliotoka mahali ambapo kitabu kimoja cha kiada husomwa na watu watano, "jitafutie" maana yake ni "baki nyuma".

Wengine watasema wakutubi ni wachache na wahadhiri hawana saa ya kugawa. Hapa nakubali, kuna ukweli. Basi kusianzwe na wote. Kila idara ichague kozi moja ya mwaka wa pili, ile yenye kazi ya utafiti, itoe saa mbili kwa mkutubi anayelijua somo hilo. Hizo saa mbili zitazaa kuliko matembezi kumi.

Halafu kuna wale wenzangu wa simu, ambao kila ukiwaambia habari za utafiti hukujibu, "Si niulize tu akili unde?" Uliza, lakini utajuaje kama imekudanganya? Juni 2023, mahakama ya New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili wawili pamoja na kampuni yao, kwa sababu walikuwa wamewasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Majina ya kesi yalikuwa ya kupendeza, nambari zilikuwepo, maneno ya majaji yalikuwepo. Kesi zenyewe hazikuwahi kusikizwa popote. Na hao walikuwa mawakili wa miaka mingi, si wanafunzi wa mwaka wa pili. Dakika chache katika orodha halisi ya kesi zingewaokoa. Ila orodha halisi ya mwanasheria si ile ya daktari, na ndipo ninaporudi pale pale.

Mbona basi naliandika hili katika jarida la shule? Kwa sababu sisi nasi hutembezwa. Kidato cha kwanza tulionyeshwa maktaba siku moja, tukaambiwa tusichore vitabu, ikawa kwaheri. Naomba walimu wa kila idara watupe kipindi kimoja tu kwa muhula ndani ya maktaba: mwalimu wa historia na gazeti la zamani, mwalimu wa biolojia na fahirisi ya kitabu, mwalimu wa jiografia na ramani zile zilizokunjwa juu ya kabati tangu tulipoingia shuleni.

Chama chetu cha Kiswahili kinaweza kuanza bila kungoja mtu. Vitabu vyetu vya fasihi vimechanganywa na vya dini na vya kilimo, tena vingi havina nambari mgongoni. Nimemwomba mlezi wetu Jumamosi mbili za muhula ujao, na amekubali. Anayetaka kusaidia alete kalamu nyeusi, karatasi ya kubandika na gundi, aandike jina lake kwa katibu kabla ya wiki ya mitihani. Tutaanzia na rafu ya dirishani, ya tenzi.