Mume akiwa hai, fomu ijazwe

Mama aliyevuka Ziwa Nyasa kutoka Nkhata Bay akaolewa Mbamba Bay, au akapanda hadi Mbinga kwenye kahawa, siku za kawaida hana shida. Anaanika dagaa, anapeleka watoto kliniki. Shida huanza msibani, na ziwa halipigi hodi.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mke wa Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati mume yu hai. Mume akifariki, unabaki mlango wa wageni wote: miaka 7 ya kuishi nchini katika 10, pamoja na masharti mengine, kisha hiari ya Waziri. Yeye halazimiki kutoa sababu, wala uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Watoto ni raia kupitia baba. Mama mgeni nyumbani kwake.

Kadi za kliniki, ambazo wengi hutupa mtoto akianza shule, zina tarehe, kituo na jina la mama. Mjane anayeomba kuhurumiwa atazihitaji, pamoja na cheti cha ndoa. Ndoa ya mila bila karatasi? Afadhali iandikishwe sasa. Ofisi ya Uhamiaji, baba aende naye.