Afya Nyumbani: Mswaki na Uzi wa Meno

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za meno, kwa kuwa sisi wenyewe tumekwisha kulipa gharama ya kutojua. Miaka mingi tulinunua mswaki mgumu, tukidhani kwamba ugumu ndio usafi, tukasugua kama asuguaye sufuria. Fizi zikatoka damu, zikarudi nyuma. Na gego moja likaoza ubavuni, mahali ambapo mswaki haukufika. Likang'olewa. Tangu siku ile muhindi wa kuchoma twautafuna upande mmoja tu.

Basi, mwenye kununua mswaki na achague wenye nywele laini na kichwa kidogo, upate kufika magego ya nyuma. Kila mtu na awe na wake. Watoto watatu wasipewe mmoja. Na tusugue asubuhi, tena usiku kabla ya kulala, dakika 2 kila mara, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Nywele zikipinda, au miezi 3 ikipita, mswaki huo umekwisha kazi. Naye atumiaye kijiti cha mswaki kama wazee wetu asione haya. Ila akitafune hata kilainike, na ncha iliyochakaa aikate.

Lakini mswaki hauingii kati ya jino na jino. Hiyo ndiyo kazi ya uzi wa meno, wala si jambo jipya: mwaka wa 1819 daktari wa meno wa Marekani, Levi Spear Parmly, aliandika kitabu akiwashauri watu kupitisha uzi wa hariri uliotiwa nta. Kata kiasi cha sentimeta 45, uuzungushe katika vidole vya kati, uupitishe polepole, ukikumbatia ubavu wa jino hata chini ya ukingo wa ufizi. Mara moja kwa siku yatosha. Mwenye meno yaliyobanana na achague uliotiwa nta. Damu kidogo siku za kwanza isikutishe. Ikizidi wiki 2, umwone daktari.

Labda mtu atasema, "Fedha yangu ni kidogo." Twamjibu: anza na mswaki na dawa, kisha uzi utafuata. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba, na pengo letu mwaliona kila tunapocheka.