Oman kabla ya chuo: miezi minne haitoshi

Mtihani wa kidato cha sita huisha Mei. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Hapo katikati dalali humwambia binti: nenda Oman miezi minne, urudi na ada. Miezi hiyo haitoshi. Mkataba wa kazi za ndani kule kwa kawaida ni miaka 2, na chini ya mfumo wa kafala, anayetoka kwa mwajiri bila ridhaa yake huweza kuripotiwa kuwa mtoro. Joto la Muscat, nyuzi 40 na zaidi mwezi Juni, huzoeleka hata kwa sisi wa baridi ya Songea. Kunyang'anywa pasipoti, kama Human Rights Watch ilivyoeleza kuhusu Watanzania mwaka 2017, hakuzoeleki. Anayeamua kwenda aulizie wakala wake TaESA, na mkataba uthibitishwe na ubalozi wetu Muscat kabla ya tiketi. Dalali akisema viza ya matembezi inatosha, achana naye.