Mwendo wa Kwenda na Kurudi

Mwashi akimaliza kupima ukuta kwa timazi yake huitundika msumarini na kwenda zake kunywa chai. Nyuma yake timazi huendelea kuyumba polepole, kwenda na kurudi, na wapitao hawaitazami, maana hawaoni ajabu yoyote ndani yake. Hata hivyo kipande hicho cha chuma na uzi wake kiliwashughulisha wataalamu wakubwa wa Ulaya kwa miaka mingi sana, na jambo moja walilolivumbua lahusu hasa nchi ambazo mstari wa Ikweta umepita ndani yake, Kenya ikiwa mojawapo.

Mwendo wa kujirudia baada ya muda ulio sawa si wa timazi peke yake. Moyo huenda hivyo, na bahari pia. Mvuvi wa Mombasa ajua kwamba maji yakijaa sasa yatajaa tena baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na kwa sababu hiyo kila siku hujaa kwa kuchelewa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Tena ajua siku za bamvua, mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu, na siku za maji mafu katikati yake. Lakini maji ya bahari huvutwa na mwezi na jua, hali timazi haina mwezi wake. Kazi yote hufanywa na uzito wake wenyewe. Ikivutwa kando huwa imeinuliwa juu kidogo. Ikiachiliwa hushuka, na kadiri ishukavyo hupata mbio. Ifikapo katikati mbio zake ni nyingi kuliko mahali pote, nazo haziwezi kukoma ghafula, basi hupita na kupanda upande wa pili mpaka zimalizike. Hapo husimama kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha hurudi. Isingekuwa upepo unaoikwaza na msuguano pale ilipofungwa, isingetulia kamwe.

Husimuliwa kwamba Galileo, Mwitalia aliyezaliwa Pisa mwaka 1564, alipokuwa kijana aliitazama taa ikiyumba katika kanisa kuu la mji huo, akaupima muda wake kwa mapigo ya mshipa wa mkono wake, kwani saa ya kutegemewa haikuwapo. Huenda hadithi ya taa imetiwa chumvi. Lililo yakini ni kwamba mwaka 1602 alikuwa akiandika barua juu ya jambo hilo, naye aliona kwamba safari ndefu ya kwenda na kurudi huchukua muda ule ule wa safari fupi, au karibu sana na huo. Sababu yake yaeleweka: kitu kilichovutwa mbali zaidi kina njia ndefu, lakini pia huanza mahali penye mteremko mkali zaidi, basi hupata mbio zaidi.

Asiyesadiki aweza kujaribu mwenyewe kwa uzi, jiwe na saa yenye mkono wa sekunde. Uzi uwe wa mita moja, kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe, na jiwe livutwe kando kidogo tu. Asihesabu safari moja, maana kidole na jicho havipatani upesi hivyo. Ahesabu 20, kisha agawanye. Ataona zimechukua sekunde 40 hivi, yaani sekunde mbili kila safari. Sasa na afunge jiwe lenye uzito mara mbili. Wengi watatazamia liende upesi zaidi, lakini sekunde zitakuwa 40 vile vile. Jiwe zito huvutwa kwa nguvu zaidi, ni kweli, lakini pia ni gumu zaidi kuliondoa mahali pake, na mambo haya mawili hulingana sawasawa. Kinachobadilisha muda ni urefu wa uzi, tena si kwa kadiri ambayo mtu angedhani. Ili muda uwe nusu, uzi haukatwi nusu bali hubakizwa robo, sentimita 25. Ili muda uwe mara mbili, uzi huwa mita nne. Ndiyo sababu bembea iliyofungwa kwenye tawi la juu la mwembe huenda polepole, na watoto wawili, mnene na mwembamba, huchukua muda mmoja juu yake.

Mtu wa kwanza kuitia elimu hii ndani ya saa iliyofanya kazi vema alikuwa Christiaan Huygens wa Uholanzi, mwaka 1656. Kabla yake saa iliyokosea kwa robo saa kila siku ilihesabiwa kuwa nzuri. Saa za Huygens na zile zilizofuata upesi zilipunguza kosa hilo hata likawa sekunde 15 hivi kwa siku. Kwa watazamaji wa nyota hayo yalikuwa mapinduzi.

Ndipo likatokea jambo lililowatia wataalamu mashakani. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikuwa Cayenne, pwani ya Amerika ya Kusini, karibu digrii tano kaskazini ya Ikweta, ametumwa na chuo cha wataalamu cha Paris kutazama sayari. Saa yake, iliyokwenda sawasawa Paris, huko ilichelewa kwa dakika mbili na nusu hivi kila siku. Ilimlazimu kufupisha ufito wa kuyumba kwa karibu milimita tatu ndipo saa ikarudi kwenye haki yake. Ufaransa wapo waliodhani kwamba ni joto tu lililorefusha chuma. Kweli joto hurefusha chuma, lakini hesabu haikubali. Ufito wa chuma ukipata joto la digrii 10 zaidi, saa huchelewa kwa sekunde tano hivi kwa siku. Ili ichelewe dakika mbili na nusu ingelazimu Cayenne ipite Paris kwa karibu digrii 300, joto la kupita tanuri la mikate.

Isaac Newton ndiye aliyelieleza katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687. Saa haikuwa na kosa. Dunia ndiyo isiyokuwa mviringo kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake na kuvimba katikati, hata leo yajulikana kwamba mtu aliyesimama pwani penye Ikweta yu mbali na kitovu cha dunia kwa kilomita 21 kuliko aliyesimama kwenye ncha. Pamoja na hayo dunia huzunguka, na watu wa Ikweta ndio wazungushwao kwa mbio kuliko wote, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Kwa sababu hizi mbili uzito wa vitu hupungua kidogo huko, na kitu kinachoning'inia huvutwa kwa ulegevu zaidi. Basi saa ya ukutani iliyosawazishwa London ikiletwa Nanyuki au Maseno bila kuguswa, huchelewa kwa zaidi ya dakika mbili kila siku, na kimo cha nchi huongeza sekunde kadhaa juu yake. Karani aliyeachiwa saa ya namna hiyo ofisini huenda akalaumiwa kwa uvivu, kumbe kosa ni la umbo la dunia. Dawa yake ni skrubu ndogo iliyo chini ya ule uzito wa kuyumba: huzungushwa ili uzito upande kidogo.

Huygens aliona jambo jingine pia, mwaka 1665, akiwa mgonjwa kitandani. Saa zake mbili zilikuwa zimetundikwa kwenye boriti moja, nazo ziliyumba kwa kupatana kabisa, moja ikienda kulia nyingine ikienda kushoto. Alipozivuruga zilipatana tena baada ya nusu saa hivi. Boriti ilikuwa ikichukua mtikisiko mdogo mno kutoka saa moja na kuupeleka kwa nyingine. Ni kama kusukuma bembea: mkono dhaifu wa mtoto, ukisukuma kila mara kwa wakati wake, humrusha mtu mzima, na mkono wa pandikizi la mtu, ukisukuma ovyo, haufiki popote.

Aprili 12, 1831, askari 74 wa Kiingereza walivuka daraja la minyororo la Broughton, karibu na Manchester, kwa mwendo wa kwata. Daraja likaanza kuruka chini yao. Wao wakafurahi, baadhi yao wakapiga mbinja wakilinganisha hatua na mrusho wa daraja, yaani wakilisukuma kwa wakati wake hasa. Msumari mmoja wa kushikilia mnyororo, ambao ulikuwa mbovu tangu hapo, ukakatika, na askari 40 hivi wakaanguka. Maji hayakuwa na kina na hakufa mtu, lakini 20 waliumia. Tangu siku hizo askari huamriwa waache kwata wafikapo darajani, kila mtu aende kwa hatua yake. Amri hiyo si kinga ya kutosha. Angers, Ufaransa, mwaka 1850, askari waliokuwa wameamriwa hivyo walivuka katikati ya dhoruba. Upepo uliyumbisha daraja, nao wote wakapepesuka pamoja ili wasianguke. Kamba za chuma zilikuwa zimeliwa na kutu mahali zilipofichwa ndani ya ujenzi. Zaidi ya watu 200 walikufa.

London ililiona jambo la jinsi hiyo Juni 2000, siku ya kufunguliwa daraja jipya la waendao kwa miguu juu ya mto Thames. Hapakuwa na askari, ni raia tu, lakini daraja liliyumba kulia na kushoto, na kila mtu aliyetanua miguu asipoteze mizani alizidi kulisukuma. Iwapo ni hatua zilizopatana kwanza au daraja lililoyumba kwanza, hilo bado lina wabishi wake. Lilifungwa baada ya siku mbili, likafunguliwa tena Februari 2002 likiwa limetiwa vyombo vya kumeza mtikisiko, 37 kati yake vikiwa ni vya umajimaji mzito ndani ya mitungi ya chuma.

Chombo cha jamaa hiyo hiyo kimo chini ya kila gari, nacho mafundi hukiita shokamzoba. Bila hicho gari lipitalo barabara ya murram yenye mawimbi kama mabati lingerushwa na springi zake hata magurudumu yakaiacha ardhi na usukani usisikie. Anayetaka kununua gari kuukuu na alikandamize kwa nguvu penye pembe moja, kisha aachie. Likipanda na kutulia, ni zima. Likipanda, likashuka, likapanda tena na tena kama timazi ya mwashi, bei na ipunguzwe kwa gharama ya shokamzoba mpya.